Soksi za Tellersburg, 1887

Picha ina watu kumi na mmoja na mbwa mmoja.
Mbwa alitikisika; ana vichwa viwili.
Watu wametulia kama waliotishwa,
mashati meupe, kola za kamba, herufi T kifuani,
na soksi nyeusi ti mpaka magotini.

Nyeusi. Ndivyo walivyoandika wote walionitangulia,
wakachora, wakapaka wino, wakafunga faili.
Lakini mimi nilikuwa dobi miaka thelathini na minane,
hapa hapa Ohio, kona ya mtaa wa Mill,
na weusi wa kale naujua, hauna msimamo:
fuo la tatu kijani, la kumi kutu.
Tena sahani za kioo za zama zile zilikuwa na upofu wao.
Nyekundu ziliiona giza,
samawati ziliiona wingu.
Mpiga picha hakusema uongo. Kioo ndicho kilichosema.

Basi kila Alhamisi nashuka maktaba.
Bi Corliss Amsbaugh hunifungulia chumba cha chini,
hunipa glavu, hunionya kuhusu kahawa.
Nazungusha filamu ya magazeti hadi macho yaniwange:
bei ya nguruwe, mafuriko, dawa ya minyoo,
kisha mistari miwili, kama makombo mezani:
*Vijana wetu walifungwa kumi na tisa kwa nne.
Angalau walipendeza.*

Walipendeza! Kwa rangi gani, ewe mwandishi mvivu?

Machi, Bi Corliss akaniletea daftari
la Gottlob Ensminger, fundi cherehani,
panya wamelila mpaka herufi D.
Ukurasa wa sitini na mbili, mwandiko wa kulala:
klabu ya besiboli.
Mashati ya flaneli, kumi. Suruali, kumi. Kofia, kumi.
Soksi za sufu, jozi kumi na moja,
damu ya mzee.

Damu ya mzee.
Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.
Nikapiga kelele, nadhani.
Bi Corliss akasema "shii,"
ingawa chumba kizima tulikuwa wawili.

Hapo na mimi ningefunga faili.
Ila kumi si kumi na moja.

Nikairudia picha, kioo cha kukuzia mkononi.
Nyuma, kushoto, karibu na mlingoti,
mrefu kuwapita wote, mikono ameikunja kifuani.
Nimemzoea; miaka miwili namwita Bwana Maringo.
Safari hii nikamtazama kwa jicho la dobi:
kola yake haina kamba, ina kifungo,
na mkono wa shati umeishia inchi mbili
kabla ya kifundo. Shati la mtu mfupi.
La kanisani, kwa wanga ule.
Mikono ile haikuwa ikiringa.
Ilikuwa ikifunika mahali pasipo na T.
Waliosema cha kuazima hakisitiri
hawakumwona huyu, anakisitiri cha kuazima.

Jina nililipata gazetini, tarehe saba Julai:
Orrin Stuckwisch, mdakaji wa akiba,
"kidole kimevunjika, ataendelea kucheza."
Juma la pili yake hakuna kidole wala timu.
Ligi iliwafuta.
Deni la fundi, dola kumi na nne na senti ishirini;
Ensminger amelipigia mstari mara mbili,
kalamu imetoboa karatasi.

Nyumbani nimechora kumi kama daftari lilivyoagiza.
Wa kumi na moja nilianza na soksi,
maana hizo zilikuwa zake kweli, zilishonwa kwa ajili yake,
nikazipaka taratibu mpaka gotini,
rangi ikanitosha kwa shida.
Mke wangu alichungulia begani akauliza,
"Huyu mbona amenuna?"
Nikamwambia hajanuna, ana baridi.

Mbwa nimemwacha na vichwa vyake.
Rangi yake sijui. Kwenye daftari hayumo.